Uzi: Soseji ya nguruwe ya moshi yenye viungo, kuitengeneza nyumbani katika joto la Malindi

MotoMdogo (Malindi)

Salamu wandugu. Maswali ya soseji ya moshi yametapakaa kwenye nyuzi nyingine za mapishi, basi tuyakusanye hapa. Nazungumzia soseji ya nguruwe iliyotiwa chumvi ya nitriti na viungo, ikapigwa moshi wa moto na kuivia humo humo ndani ya pipa. Salami ya kuanikwa mbichi wiki kadhaa ni mambo mengine, na najua mtu ataiuliza.

Kabla ya nyama kuna joto. Mchana wa Malindi jikoni ni nyuzi 28 hadi 32 (nyuzi zote hapa ni za Selsiasi), na hewa imejaa unyevu wa bahari. Mapishi mengi ya soseji yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukiyafuata bila kuyageuza, mafuta yatalainika mkononi kabla hujajaza utumbo hata mmoja, na soseji yenye mafuta yaliyopakaza haitengenezeki tena.

Vipimo vya kilo 5:

Bega la nguruwe lililoondolewa mishipa, kilo 3.7
Mafuta magumu ya mgongo, kilo 1.3
Chumvi ya kawaida gramu 78
Chumvi ya nitriti ya asilimia 6.25 (ile ya kuhifadhia nyama, iitwayo chumvi ya pinki), gramu 12.5
Paprika gramu 40, pilipili kali kavu ya kusaga gramu 10, pilipili manga gramu 12
Giligilani gramu 8, jira gramu 5, kungumanga gramu 3
Kitunguu thomu kilichopondwa gramu 20, sukari gramu 15
Maji ya barafu mililita 350

Mafuta ya figo yaache kabisa. Ni laini, huyeyuka upesi, na yakiingia motoni huacha mashimo. Ya mgongo hukatika vipande na kubaki vipande.

Nyama na mafuta kata vipande vya sentimita 3, tandaza kwenye sinia usivirundike, weka friza dakika 45 hadi 60 mpaka kingo zianze kukaza lakini kati kisu bado kinapita. Kisu, sahani ya matundu na parafujo ya mashine ya kusagia navyo viingie friza. Nyama isage kwa matundu ya milimita 6, mafuta vivyo hivyo, kisha rudisha vyote friji nusu saa. Chumvi ya nitriti iyeyushe kwanza kwenye yale maji ya barafu ili isibaki donge mahali pamoja. Changanya na chumvi na viungo, kanda kwa mkono wenye glavu dakika 4 au 5 mpaka nyama inate: chukua donge, libandike kiganjani, pindua kiganja chini, lisidondoke. Hapo chumvi imetoa protini ya nyama, nayo ndiyo itakayoshika maji na mafuta. Kipimajoto kikifika nyuzi 12 kabla haijanata, acha, rudisha friji, endelea baadaye.

Kaanga kijidonge kimoja uonje chumvi na pilipili. Jaza utumbo wa milimita 32 hadi 36, sokota kila sentimita 15, toboa viputo vya hewa kwa sindano safi, lalisha friji usiku mzima. Kesho yake ni moshi.

Kaskazi77 (Malindi)

Chumvi ya pinki si ile inayouzwa supamaketi kwa mawe mawe, ya Himalaya?

MotoMdogo

La, na hapo ndipo watu hujidhuru. Ile ya Himalaya ni chumvi tu, rangi yake ni ya madini ya ardhini, nitriti haina. Hii ya nyama hupakwa rangi makusudi ili mtu asiichanganye na ya mezani. Soma karatasi ya paketi. Kuna aina tatu utakazokutana nazo:

Ya kwanza ina nitriti asilimia 6.25. Hutiwa gramu 2.5 kwa kilo ya nyama, haizidi. Hiyo huleta nitriti miligramu 156 kwa kilo.

Ya pili ina nitriti pamoja na nitrati. Ni ya nyama za kuanikwa muda mrefu bila kupikwa. Soseji hii haiihitaji.

Ya tatu ni ya Ulaya, nitriti ni karibu nusu asilimia tu, na yenyewe ndiyo huwa chumvi yote ya soseji. Kwa kilo 5 ungetia gramu 90 bila kuongeza chumvi nyingine.

Sasa piga hesabu: mtu amesoma pishi la Ulaya, akatia gramu 90 za ile ya kwanza. Hiyo ni nitriti gramu 5.6 kwenye kilo 5, zaidi ya mara saba ya kipimo. Nitriti nyingi huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati, na mtoto mdogo ndiye huathirika haraka zaidi. Kwa hiyo mizani ya jikoni inayoruka gramu 5 kwa 5 haifai kupimia. Tafuta ile ndogo ya kupima desimali ya gramu. Na chupa yake iandikwe kwa herufi kubwa, ikae mbali na chumvi ya mchuzi.

MwanaMaweni (Malindi)

Mzee, kwani lazima? Wazee walikausha nyama kwa chumvi ya mawe ya Gongoni na moshi, basi.

MkaguziMstaafu (Malindi)

Nyama ya kukausha ukanda ukanda hewani ni kitu kimoja, soseji ni kitu kingine. Vidudu viko juu ya nyama. Ukisha kuisaga umeviingiza ndani. Kisha umeifunga ndani ya utumbo pasipo hewa, ukaitia kwenye pipa lenye nyuzi 40 hadi 60 na moshi uliofukuza oksijeni, kwa saa kadhaa. Bakteria wa botulizimu anapenda mazingira hayo hayo: pasipo hewa, penye unyevu, penye joto la wastani. Sumu yake haina harufu wala ladha, na hulemaza misuli mpaka ya kupumulia. Nitriti humzuia asiote. Chumvi ya asilimia 1.8 pekee haimzuii. Ukitaka kuzuia kwa chumvi tupu, utatia nyingi mpaka soseji isilike.

Kama hutaki nitriti, tengeneza soseji mbichi, iweke friji, ichome siku mbili zijazo. Moshi usiipige.

Na la nguruwe. Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Hata hivyo unapoikata, fungua macho: tegu wa nguruwe hukaa kwenye msuli kama vifuko vyeupe vyenye maji, urefu wa milimita 5 hadi 10, na bega, shingo, ulimi na moyo ni sehemu anazozipenda. Ukiviona, nyama hiyo hailiwi, usiseme utaisaga. Nitriti haimuui tegu wala moshi haumuui. Anauawa na joto, ndiyo maana soseji hii ifike nyuzi 71 katikati, kwa kipimajoto cha kuchoma, si kwa kutazama rangi. Nitriti hufanya nyama ibaki nyekundu hata ikiwa imeiva, kwa hiyo rangi haikwambii kitu.

Jambo jingine linalosahauliwa: mabaki usiwatupie nguruwe. Homa ya nguruwe ya Kiafrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921, haimpati binadamu, lakini virusi vyake hudumu muda mrefu kwenye nyama iliyotiwa chumvi isiyoiva. Makombo ya jikoni yamefunga mazizi mengi.

BintiShela (Lamu)

Assalaam alaykum. Mimi nguruwe simo, lakini njia ni ile ile naona. Nataka ya ng'ombe. Utumbo nitumie gani, na je, naweza kuilaza nyama kwenye papai bichi na tangawizi usiku mmoja kama mishikaki ili ilainike?

KarisaNyama (Watamu)

Waalaykum salaam dada. Papai liache, na tangawizi mbichi pia. Vyote viwili vina vimeng'enya vinavyokata protini, na protini ndiyo gundi ya soseji. Usiku mmoja tu, asubuhi utakuta uji ndani ya utumbo. Tangawizi kavu ya unga, gramu 2 kwa kilo, ni salama. Ndimu na siki nazo weka kando: asidi huikaza protini kabla haijashikana na soseji huvunjika chengachenga kisuni.

Ya ng'ombe: kidari na shingo, mafuta yawe asilimia 20 hivi, na yatoke kwenye kidari. Mafuta ya figo ya ng'ombe ni magumu mno, soseji ikipoa hubaki yameganda kwenye paa la kinywa. Utumbo chukua wa kondoo au mbuzi, milimita 20 hadi 24, kwa mchinjaji wako mwenyewe. Ule wa kutengenezwa kiwandani kwa kolajeni uliza umetokana na mnyama gani na kachinjwa vipi. Chumvi ya nitriti inapimwa kwa uzito wa nyama, kwa hiyo haibadiliki: 2.5 kwa kilo. Kukanda ongeza dakika mbili. Viungo hapo Lamu mnavyo: shamari gramu 3 kwa kilo, jira 2, pilipili manga 3, iliki nusu gramu tu, na mdalasini kidogo sana au uache. Mdalasini ndani ya moshi huwa mtamu wa kukera. Karafuu vivyo hivyo, mbili tatu za kusaga kwa kilo 5 zimetosha.

Soseji nyembamba huiva haraka, anza kupima katikati baada ya saa moja na nusu.

BintiShela

Ahsante. Huo utumbo wa mbichi nausafishaje? Wa paketi huku haupatikani.

KarisaNyama

Utoe ukiwa bado vuguvugu, siku ile ile ya kuchinja. Minya uchafu, pitisha maji mengi, geuza ndani nje kwa kutumia maji yenyewe: kunja mdomo wa utumbo kama unavyokunja mkono wa kanzu, mimina maji kwenye mkunjo, uzito wa maji utauvuta. Uloweke kwenye maji ya chumvi friji usiku kucha, kesho ulaze juu ya ubao na kwangua kwa mgongo wa kisu, si makali. Ute wote utoke, kisha geuza na kwangua upande wa nje. Kitakachobaki ni utando mwembamba unaopitisha nuru. Ukibaki na harufu, bado hujamaliza. Hifadhi kwenye chumvi kavu tele, friji. Siku ya kazi loweka maji vuguvugu nusu saa na upitishe maji ndani uone penye tundu.

TanuriLaGede (Gede)

Naongeza ya pipa, maana hapo ndipo pesa hupotea.

Pipa la chuma la lita 200 lililobeba mafuta ya kupikia au sharubati. Lililobeba rangi, dawa za shamba au vilainishi usilichukue hata kwa bure. Lenye rangi ndani lichome moto mkali mpaka chuma kiwe kijivu, kisha lisugue. Mapipa ya mabati yaliyopakwa zinki, na nyavu za zinki, zisikae karibu na moto.

Moto usikae chini ya soseji. Tengeneza kisanduku cha moto mita moja na nusu pembeni, chini ya usawa wa pipa kama nusu mita, uunganishe kwa bomba la chuma la sentimita 10 hadi 15. Ukijenga kisanduku kwa mawe ya matumbawe, kipake ndani kwa matofali ya udongo. Matumbawe yakipigwa moto kila wiki humeguka na kugeuka chokaa, ndivyo chokaa yenyewe inavyochomwa. Juu ya pipa weka bomba la kutolea moshi lenye kifuniko cha kurekebisha, na lisifungwe kabisa hata siku moja. Moshi unaosimama ndio moshi mchungu.

Mdomo wa kisanduku uelekeze kufuata msimu. Kusi linapovuma, mdomo ukitazama kusini moto utapulizwa na joto litaruka kutoka 60 hadi 100 ukiwa umegeuka kuchukua kahawa. Weka kibao cha kukinga upepo. Kaskazi nayo hivyo hivyo kwa upande wake, ingawa huwa na adabu kidogo.

Kuni: mwembe, mpera, mchungwa, mkwaju, zilizokauka miezi sita. Mvinje unatoa makaa mazuri ya joto lakini kwa harufu sioni faida yake. Makumbi ya nazi ni ya samaki. Kwa soseji huacha lami. Mwarobaini ni mchungu. Maganda ya korosho yakimbie, mafuta yake huchoma ngozi na moshi wake huwasha mapafu. Mikoko sitii, ukataji wake unadhibitiwa na kuna miti mingine. Na maranda ya fundi seremala yanaweza kuwa na gundi au dawa ya mchwa, kwa hiyo jua yametoka mbao gani.

MotoMdogo

Mwenzangu kamaliza pipa, nami nimalizie ratiba ya moshi kwa utumbo wa milimita 34.

Saa moja ya kwanza nyuzi 50 hadi 55, bomba la juu wazi kabisa, bila moshi, makaa tu. Kwa hewa yetu usijaribu kuzianika nje kwa upepo. Zitakaa saa tatu bado mbichi na nzi watakuwa wamefika. Ngozi ikiguswa isilowe kidole, inate kidogo tu.

Kisha moshi, nyuzi 60 hadi 65, saa mbili. Baada ya hapo panda polepole mpaka 75, na usivuke 80. Katikati ikifika 71 toa. Ikikwama kwenye 60 kwa muda mrefu, usikasirike ukaongeza kuni. Maliza kwenye sufuria: maji ya nyuzi 75 hadi 80, yasichemke, dakika 15 hadi 25.

Papo hapo tia kwenye maji ya barafu mpaka katikati ishuke chini ya 40. Futa, ning'iniza chini ya feni nusu saa rangi ikolee, kisha friji. Sehemu nyingine wanaacha saa mbili tatu. Kwa nyuzi 30 zetu, nusu saa basi.

Kaskazi77

Za wiki iliyopita zimekunjamana zote. Na nyingine zina tabaka la mafuta kati ya ngozi na nyama. Chanzo ni kimoja?

MotoMdogo

Viwili. Kukunjamana ni kupoa polepole: nyama imesinyaa, ngozi haikusinyaa nayo. Maji ya barafu ndiyo dawa. Au hukujaza vya kutosha.

Tabaka la mafuta huwa na sababu mbili na unaweza kuzitofautisha kwa kukata. Ukiona vipande vya mafuta vimeonekana wazi ndani lakini mafuta yametoka pembeni, pipa lilivuka 80. Ukiona ndani rangi imefifia, hakuna vipande, kama rojo, mafuta yalipakaza wakati wa kusaga: nyama ilikuwa na joto au kisu cha mashine ni butu. Kisu butu hakikati, hukamua. Kitazame kwanza, maana watu hulaumu nyama. Mishipa ikijizungusha kwenye kisu matokeo ni hayo hayo, simamisha mashine uitoe.

TanuriLaGede

Na ukiona duara la kijivu katikati huku pembeni nyekundu, nitriti haijafika au haijapewa muda. Usiku mmoja friji usirukwe. Anayeharakisha atie vitamini C ya unga, gramu 2 kwa kilo 5, ila aitie mwisho wa kukanda, si kwenye maji yale yale yenye nitriti. Zikikutana majini hutoa gesi na nitriti hupungua kabla haijaigusa nyama.

MwanaMaweni

Yangu ilikuwa chungu, ulimi ukafa ganzi kidogo.

TanuriLaGede

Kuni mbichi au maranda yaliyovuta unyevu, soseji ikiwa bado imelowa, na bomba la juu limefungwa. Moshi mweupe mzito si sifa. Unaoutaka ni mwembamba, wa kibuluu, karibu usiuone. Maranda yakaushe juu ya bati juani siku moja kabla, hewa ya pwani huyalowesha hata ndani ya gunia.

Kaskazi77

Sasa ile ya Waitaliano. Wanaining'iniza tu mbichi ikakauka, na hapa Malindi wamejaa. Kwa nini tusifanye?

KarisaNyama

Kwa sababu hiyo inataka nyuzi 12 hadi 15 na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, wiki kwa wiki, mpaka ipungue uzito asilimia 30 au zaidi. Inataka pia bakteria wa kuchachusha wa kununuliwa, na pH, yaani kipimo cha uchachu, ishuke chini ya 5.3 siku za mwanzo, tena uipime kwa kifaa. Ukiining'iniza barazani kwa nyuzi 28 haikauki, inaoza kwa ndani huku nje imekaza. Kama una friji ya zamani, ukaifunga kidhibiti joto na kipima unyevu, inawezekana. Bila hicho, hapana.

MwanaMaweni

Stima ikipotea nyama ikiwa friji?

MkaguziMstaafu

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa hukaa baridi kama saa nne. Ikizidi, pima: nyama ikiwa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa mbili, usiendelee na mpango wa moshi kana kwamba hakuna lililotokea. Ikiwa bado chini ya 5, hamishia kwenye sanduku la barafu. Barafu ya bandari ya samaki ni nzuri kuzungushia nje ya chombo, lakini isiingie kwenye mchanganyiko. Ya ndani iwe ya maji ya kunywa yaliyochemshwa.

BintiShela

La mwisho kwangu. Nikizituma kutoka Malindi mpaka Lamu kwa basi na boti, zitafika?

KarisaNyama

Zigandishe kwanza kabisa friza, siku nzima. Zifunge kwenye mifuko iliyotolewa hewa, kisha sanduku la foamu lenye vipande vya barafu, ujaze nafasi zote kwa magazeti. Mwambie kondakta lisikae juu ya injini, na gatini Mokowe lisiachwe juani likisubiri boti. Likifika, choma kipimajoto katikati ya rundo: ikiwa bado imeganda au iko chini ya 5, weka friji ule ndani ya wiki moja, friza miezi miwili, baada ya hapo mafuta huanza kuchacha hata zikiwa barafu. Imevuka 5 na hujui tangu saa ngapi, usiipokee.

BintiShela

Na kuipasha?

KarisaNyama

Maji yasiyochemka dakika 10, kisha kikaangoni bila mafuta mpaka ngozi ilie.